Hakuna Aliyewahi Kuusoma Uga Huo

Rafiki yangu wa Mwanza, msomaji mkubwa kuliko mimi, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Nimeusikiliza mara tatu. Kwa kifupi anasema hivi: fizikia ya kwantamu imegundua kwamba chini ya vitu vyote kuna uga wa taarifa uliofichika. Humo kila kitu kimeandikwa, cha jana na cha kesho. Wafumu wetu wa Usukuma walikuwa wakiusoma uga huo kabla Mzungu hajajua elektroni ni nini. Na Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, aliuweka kwenye Nagona na Mzingile wakati wahakiki wetu bado wanatafuta msuko wa visa. "Kubali tu ndugu yangu," akamalizia, "sayansi imerudi nyumbani."

Sikubali. Na kwa kuwa maneno hayo siyasikii kwake tu, nayasikia kila penye watu wawili waliosoma vitabu, naona nimjibu hapa, mbele za watu.

Niseme kwanza pale tunapokubaliana. Swali lenyewe ni halali. Kwamba chini ya fizikia ya kwantamu huenda kuna kitu kingine, uga wa taarifa tusiouona, ni jambo ambalo wanafizikia wakubwa wamelihangaikia tangu 1927, na mpaka leo halijafungwa. Atakayelicheka hajui historia yake. Ninachokipinga ni ile hatua ya pili, kutoka "huenda upo" mpaka "fulani anausoma." Kati ya hizo sentensi mbili pana maji kuliko Mto Simiyu wakati wa masika, na wenzangu wanavuka kana kwamba ni mchirizi.

Tuanzie mnadani, maana huko ndiko uga huu unakouzwa.

Shangazi yangu ana miaka 64. Siku moja ya mnada hapa Bariadi alikutana na kijana mtanashati mwenye koti jeupe, meza, kompyuta na kifimbo cha chuma chenye waya. Unakishika kifimbo kama dakika moja, kompyuta inalia, printa inatema kurasa. Kijana anakiita kipimo cha kwantamu. Maelezo yake, aliyoyakariri kama mtoto wa shule anayeghani ngonjera, ni kwamba kila kiungo cha mwili kina uga wake wa taarifa na kifimbo kinausoma. Kwa shilingi elfu kumi shangazi akaambiwa ini limechoka, kongosho liko njiani, damu ina sumu na mishipa ya kichwa imejaa mafuta. Dawa ni makopo manne, laki moja na elfu themanini. Akauza mbuzi wawili.

Niliposikia, nikaenda mnada uliofuata. Sikugombana na mtu. Nilishika kifimbo, nikataja umri wangu wa kweli, nikapewa kurasa zangu. Nikazunguka, nikala mishikaki, nikarudi mezani alipokuwa amekaa mwenzake. Safari hii nikasema nina miaka 70 na uzito nikaongeza kilo ishirini. Mkono ni uleule, kifimbo kilekile. Magonjwa yakawa mengine kabisa: figo, magoti, macho. Huo uga wa taarifa ulikuwa umesoma nilichomtajia kijana kwa mdomo wangu.

Najua utasema huyo ni tapeli wa mnadani, Kezilahabi anahusikaje? Anahusika kwa sababu sentensi za yule kijana na sentensi za rafiki yangu msomi ni zilezile. Kila kitu kimeungana. Taarifa zote zipo. Anayejua kusoma anasoma. Tofauti yao ni koti jeupe tu, na kwamba rafiki yangu hajauza makopo. Bado.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Wataalamu wetu wa istilahi walipotafuta Kiswahili cha lile eneo la nguvu linaloizunguka sumaku, walichagua "uga." Nalipenda sana. Uga ni uwanja ulio wazi kwenye makazi, pale watoto wanapocheza na ngoma inapopigwa. Huoni chochote pale katikati, lakini ukiingia unajua kabisa kwamba umeingia, maana mwili unaanza kuenda na mdundo. Neno limetumikia fizikia vizuri. Shida ni kwamba lina ukarimu kupita kiasi: uga hauna mlango, kwa hiyo kila mtu anadhani anaweza kuingia.

Sasa twende Brussels, 1927, kwenye mkutano wa wanafizikia wote unaowajua na wengine usiowajua. Tatizo lilikuwa hili: elektroni moja ikitumwa inatua mahali pamoja, kama punje. Lakini ukituma maelfu, moja baada ya nyingine, alama zao zinajipanga kama mawimbi ya maji. Nadharia mpya ilikuwa inatabiri huo mpangilio vizuri kabisa, ila kuhusu punje moja moja ilisema tu: uwezekano ni huu, zaidi ya hapo usiulize. Mfaransa Louis de Broglie alikuja na pendekezo kwamba vipo vyote viwili, punje na wimbi, na wimbi ndilo linaloiongoza punje. Wolfgang Pauli akambana kwa maswali. Baadaye de Broglie akaliacha wazo lake.

Mwaka 1932 John von Neumann akatoa kitabu chenye uthibitisho wa kihisabati kwamba taarifa zilizofichika chini ya kwantamu haziwezekani. Jina lake lilikuwa kubwa mno, mlango ukafungwa. Mwaka 1935 mwanamke wa Kijerumani, Grete Hermann, mwanafunzi wa Emmy Noether, alionyesha kwamba uthibitisho ule una tobo. Hakusikilizwa. Miaka thelathini watu waliendelea kumnukuu von Neumann kana kwamba Hermann hakuandika kitu. Sisi tunaojua jinsi majina yanavyoingia na kutoka kwenye silabasi za fasihi hatuna haja ya kushangaa.

Aliyekuja kuuvunja mlango kwa vitendo ni David Bohm, na huyu naomba nikae naye kidogo, kwa sababu rafiki yangu alimtaja kwenye ule ujumbe wake kama shahidi wake mkuu.

Bohm alikuwa Mmarekani, mwalimu pale Princeton. Mwaka 1949 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwinda wakomunisti, akaulizwa habari za wenzake. Alikataa kutoa ushahidi dhidi yao. Akakamatwa, akashtakiwa, akaachiwa huru na mahakama, lakini chuo hakikumrudisha kazini. Mwaka 1951 akahamia Brazil, na huko akanyang'anywa pasipoti ya nchi yake. Baadaye alipita Israel, kisha Uingereza, Bristol na hatimaye Chuo cha Birkbeck, London, alikokaa mpaka uzee. Katikati ya dhiki hiyo, mwaka 1952, zikatoka makala zake mbili zinazoonyesha kwamba kile von Neumann alichosema hakiwezekani kinawezekana. Punje ina mahali pake halisi wakati wote. Wimbi linaiongoza. Na mahesabu yanatoa matokeo yaleyale ya kwantamu ya kawaida.

Baadaye, pamoja na mwenzake Basil Hiley, Bohm akaanza kuliita lile wimbi uga wa taarifa. Hapa ndipo penye utamu. Nguvu tulizozizoea hupungua kadiri chanzo chake kinavyofifia. Uga wa Bohm hauko hivyo. Kinachofanya kazi ni umbo la wimbi, ukubwa wake hauhusiki. Mtu wa Bariadi aliyewahi kulima na plau atanielewa haraka. Maksai anavuta kwa nguvu zake mwenyewe, kwa nyasi alizokula. Mpigaji mluzi nyuma hamsukumi hata kidogo. Lakini mluzi ukibadilika umbo, maksai anageuka. Upige kwa sauti ndogo au kubwa, alimradi ausikie, anageuka vilevile. Kwa Bohm elektroni ni maksai na uga ni mluzi. Neno la Kilatini ambalo Wazungu walilichukua kuita taarifa lilikuwa na maana ya kutia umbo ndani ya kitu, na Bohm alilitumia kwa maana hiyo ya kale.

Kwa hiyo ndiyo, rafiki yangu, wazo lipo, na ni zuri. Kama ningeambiwa nichague nadharia kwa uzuri wake wa kisanaa, ningechagua hiyo. Sasa soma ukurasa unaofuata.

Mwaka 1964 John Bell, kijana wa Belfast aliyekuwa akifanya kazi CERN kule Uswisi, na aliyekuwa akimpenda Bohm kuliko wenzake wengi walivyompenda, alijiuliza: kama taarifa zimefichika, zimefichikaje? Jibu lake nitalieleza kwa mchezo, kwa sura ambayo waliomfuata waliinyoosha.

Chukua pacha, Kulwa na Doto. Kulwa abaki Bariadi, Doto apelekwe Lamadi kando ya ziwa. Simu wanyang'anywe. Kila mmoja arushiwe sarafu: upande mmoja ukitokea anaulizwa kuhusu pamba, upande wa pili anaulizwa kuhusu ng'ombe. Jibu ni ndiyo au hapana, basi. Sheria ya ushindi ni kwamba majibu yao yafanane, isipokuwa wote wawili wakiulizwa ng'ombe. Hapo ni lazima yatofautiane. Kabla ya kutengana wanaruhusiwa kupanga chochote, hata kubeba daftari zima la siri.

Wanaweza kushinda mara ngapi? Jaribu mwenyewe na karatasi. Wakikubaliana kusema "ndiyo" siku zote, wanashinda katika hali tatu, wanashindwa moja, ile ya ng'ombe kwa ng'ombe. Panga ujanja mwingine wowote, hutavuka tatu kati ya nne. Mimi niliwajaribu watoto wa jirani, mmoja sebuleni na mwingine chini ya mwembe. Katika raundi 40 walipata 29, na walikuwa wameanza kuchungulia dirishani.

Chembe za mwanga zilizozaliwa pamoja zinavuka hapo. Kwa mahesabu ya kwantamu zinaweza kufika karibu mara 85 kati ya 100. Stuart Freedman na John Clauser walifanya jaribio la namna hii kule California mwaka 1972, Alain Aspect akafanya bora zaidi Ufaransa mwaka 1982, Anton Zeilinger na kundi lake wakaendeleza. Mwaka 2015 kule Delft, Uholanzi, maabara zilitenganishwa kilomita 1.3 ili mwanga wenyewe usipate muda wa kupeleka umbea. Daftari la siri likashindwa tena. Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Maana yake ni nini? Kwamba kama kuna taarifa iliyofichika, haiwezi kuwa imekaa mfukoni mwa kila chembe peke yake. Ama iwe kitu kimoja kilichoungana, ambacho swali likiulizwa Lamadi kinaguswa na huku Bariadi papo hapo, na hiyo ndiyo njia ya Bohm, ama isiwepo kabisa. Kuna na njia nyingine. Wapo wanaosema malimwengu ni mengi. Gerard 't Hooft wa Uholanzi, naye ana Nobel yake, anafikiri hata ile sarafu haikuwa huru kuanguka itakavyo. Sitaingia huko.

Hapo ndipo wapenzi wa uga hupiga vigelegele. Papo hapo! Bariadi na Lamadi! Si ndiyo tulisema kila kitu kimeungana?

Ngojeni. Mwangalie Kulwa. Amekaa Bariadi na orodha ya majibu yake. Anaona nini? Ndiyo, hapana, hapana, ndiyo, hapana, kama mtu anayerusha sarafu. Hawezi kujua Doto ameulizwa nini wala amejibu nini. Hawezi hata kujua kama Doto ameanza au amelala. Ule mpangilio wa ajabu unaonekana tu pale madaftari mawili yanapoletwa meza moja, kwa basi, kwa lami, kwa nauli. Huu ni uthibitisho wa kihisabati ndani ya kwantamu yenyewe: muungano huo haupitishi ujumbe. Hata neno moja. Hata "jambo."

Na Bohm? Kwa Bohm ni vivyo hivyo, na hili ndilo rafiki yangu alilolirukia. Katika nadharia yake punje ina mahali pake halisi, lakini mahali hapo pamesambaa kwa namna ambayo hakuna mpimaji anayeweza kujua zaidi ya kile wimbi linachoruhusu. Ukijaribu kuchungulia, kipimo chako chenyewe kinaingia kwenye mchezo na kuuvuruga. Antony Valentini amekuwa akisema tangu 1991 kwamba usambaaji huo ni hali ya usawa tu, kama chai iliyokwisha kupoa, na kwamba huenda mwanzoni mwa ulimwengu kulikuwa bado na moto, na taarifa zingeweza kusomeka. Ni wazo la kupendeza, na hakuna mtu aliyewahi kuipima chai hiyo ikiwa ya moto. Kwa hiyo tazama mkasa huu. Nadharia inayoukubali uga uliofichika kwa moyo mweupe kuliko zote ndiyo hiyo hiyo inayosema umefungwa, na aliyeitunga hakuwa na ufunguo.

Tena uga wenyewe hata haukai kwenye nafasi hii tunayotembea. Chembe moja, vipimo vitatu. Chembe mbili, uga wake una vipimo sita. Chembe kumi, thelathini. Anayekwambia "uga unatuzunguka hapa ukumbini" amesoma jalada.

Halafu kuna hili neno taarifa. Taarifa ya Bohm haina lugha. Inaiambia elektroni igeukie wapi. Haina kongosho, haina ini, haijui jina la shangazi yangu. Wala haijui jina la bibi yangu.

Bibi yangu alikuwa na macho mekundu. Nchi yetu ya Usukuma miti imekwisha kwa mashamba ya pamba na malisho, na wanawake wengi wamepikia mabua na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, miaka hamsini. Moshi huo unafanya macho yawe vile. Kila mtu anajua hivyo mchana. Usiku ni habari nyingine. Nilikuwa darasa la tano ndama walipoanza kufa kwenye zizi la baba mkubwa, saba katika miezi miwili. Baba mkubwa akaenda kwa mtu mmoja, simtaji, akapasuliwa kuku na kuku akasomwa. Kuku akasema adui yuko ndani ya mji wenyewe, ni mwanamke, ni mzee, na anaangalia kwa moto. Si lazima kuku ataje jina. Bibi aliondoka usiku kwa baiskeli ya mjomba, na kitenge kimoja na sufuria moja. Alimalizia maisha yake mjini kwa shangazi, huyu huyu wa makopo manne. Kaburi lake halipo nyumbani.

Bibi alikuwa na bahati. Usukuma nzima inajua wasiokuwa nayo. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa macho kama yale. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 dunia ikatusikia kwa mauaji ya watu wenye ualbino, na kila mara nyuma ya panga palikuwa na mtu aliyesema "nimeona." Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, ya Mwingereza, na inasema kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa. Sheria na matangazo yote hayo, na bado ukitaka kujua nani kakuloga hutakosa wa kukutajia kabla jua halijazama.

Sasa mtu aliyesoma, mwenye shahada, anakuja kuniambia yule msoma kuku alikuwa akichota kutoka uga wa taarifa wa ulimwengu. Unanielewa ninapokasirika? Kama alikuwa anasoma uga, basi alisoma sawa. Na kama alisoma sawa, bibi yangu aliua ndama. Huwezi kuchukua nusu ya wazo kwa sababu ni tamu kwenye mjadala wa vitabu na kuiacha nusu nyingine kijijini kwetu.

Rafiki yangu hapa atasema namdharau mfumu, ni ukoloni wa mawazo. Hapana. Mfumu mzuri ni msikilizaji kuliko daktari wengi niliokutana nao. Anajua mizizi, anajua nani ana ugomvi wa urithi na nani mke wake kaondoka. Kuku mbele yake ni namna ya kufungua mazungumzo ambayo watu hawawezi kuyaanza uso kwa uso, na waliosuluhishwa kwa njia hiyo wapo. Lazima tulisome jambo hilo, liandikiwe riwaya. Lakini tazama ukoloni uko wapi. Ni nani anayemtafutia mfumu wa Ntuzu cheti kutoka Brussels? Ni nani anayeona ujuzi wa babu zetu hauna thamani mpaka uvishwe neno "kwantamu"? Wagika na Wagalu wameshindana ngoma huku zaidi ya miaka mia moja, kila upande na dawa zake za kuvuta watazamaji. Wanatia dawa, halafu wanafanya mazoezi mpaka usiku, wanafundisha chatu, wanatunga nyimbo mpya za kuwachamba wenzao. Hawajawahi kuhitaji mwanafizikia awaambie kwa nini watu wamejaa upande wao.

Na Bohm, shahidi wako mkuu? Huyo ni mtu aliyekaa mbele ya kamati na kukataa kuwageuka wenzake. Akapoteza kazi, akapoteza pasipoti. Halafu wewe unamchukua kuwa mdhamini wa watu ambao kazi yao yote ni kutaja.

Nimalizie na Kezilahabi, maana ndiye aliyetuleta.

Nagona ilitoka 1990 na Mzingile 1991. Ni vitabu vyembamba, na wengi wetu tulivifungua tukitarajia Rosa Mistika nyingine tukagonga mwamba. Wakati haukai kwenye mstari, waliokufa wanazungumza, njia zinarudi zilikotoka. Naelewa kwa nini mtu aliyetoka kusoma makala ya kwantamu anaona undugu. Mimi pia nimeuona. Lakini kuona undugu na kusema kitabu ni ripoti ya maabara ni mambo mawili. Ukisema Kezilahabi "aliusoma uga," umemfanya kuwa mpiga ramli: kuna jibu mahali fulani, yeye kaliona, kazi yetu ni kufumbua. Mimi kila nikirudi kwenye Nagona naona mwandishi anayenipokonya jibu kila ninapolikaribia. Mzingile, hata jina lenyewe limekuonya. Kezilahabi alikuwa mwalimu wa fasihi, aliwajua wanaodai kuwa na ukweli mkononi, na hakuwaachia nafasi ya kupumzika.

Namna hiyo ya kutojua ndiyo ninayoiona pia kwa Bell, aliyelishikilia swali gumu kwa miaka, akalinoa mpaka likaweza kupimwa, na lilipopimwa likakataa kumpa yule Bohm wake ushindi wala kumnyima. Hapo ndipo ningependa tukutane, rafiki yangu, kama unataka ndoa ya fizikia na riwaya. Tuzungumzie jinsi ya kukaa na kitu kilichofungwa bila kujifanya umepewa ufunguo. Nitakuja Mwanza kwa hilo, nauli yangu.

Shangazi nilimpeleka hospitali. Walimfunga kile kitambaa cha mkononi, wakakijaza upepo, wakamwambia ni presha, wakampa vidonge na karatasi moja. Alilalamika njia nzima. Karatasi moja tu, wakati yule kijana alimpa thelathini na nane, tena za rangi.